Rahisisheni, Lakini ya Zamani Msiifute

Hotuba kwa wachezaji wa gemu na wanafunzi wa kompyuta, Dodoma

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi wadogo zangu mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: mbukwenyi! Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo najua linawagombanisha hadi usiku wa manane. Gemu ya zamani inasafishwa, inatolewa upya, ile tunayoiita rimasta. Ukiifungua unakuta sura mpya, sawa, lakini unakuta pia wameirahisisha: inasevu yenyewe, inakuonyesha njia, ukishindwa inakurudisha hatua mbili nyuma badala ya mwanzo kabisa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mmoja anasema wameiharibu. Mwenzake anasema wameiponya.

Kwa kuwa tuko mji wa Bunge, nianze kwa kutangaza maslahi. Nilikuwa na kibanda cha gemu Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, enzi za PS2. TV za chogo, mashine zilizochipiwa, pedi zilizofungwa rababendi, feni moja inayohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda ile. Biashara yangu ilikuwa kuuza muda. Mpira ulikwenda kwa mechi, gemu ndefu zilikwenda kwa saa. Maana yake ni kwamba ugumu wa gemu ulinilisha mimi na wanangu. Kijana akishindwa misheni moja kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, unga umepatikana. Kwa hiyo mkinisikia natetea mateso ya zamani, mnihoji: mzee, unatetea gemu au unatetea kibanda?

Tuichukue ile ambayo hata wazazi humu ndani wanaijua kwa sauti yake. GTA: San Andreas, ilitoka 2004. Kuna misheni ya treni. CJ, mhusika unayemwendesha, yuko kwenye pikipiki, mwenzake Big Smoke kakaa nyuma na bunduki, juu ya mabehewa kuna watu wa genge la Vagos, na kazi yako ni kukimbiza treni ile kwa umbali ambao Smoke atawapata. Ukiikaribia sana, risasi zake zinaishia kwenye ubavu wa behewa. Ukikaa mbali, hawafikii. Ukijikwaa kwenye nguzo, treni imekwenda. Kisha Smoke, ambaye ndiye aliyekosa shabaha muda wote, anakugeuzia lawama wewe dereva! Nimewahi kuona kijana mstaarabu kabisa, wa kwaya, akiitukana TV kwa sababu ya yule bwana.

Sasa katika toleo la zamani, ukishindwa, misheni inaanza upya. Unarudi kwenye alama ya kuanzia misheni, unasikiliza tena mazungumzo, unapanda tena pikipiki. Lile toleo jipya la Novemba 2021 likaleta uwezo wa kurudia papo hapo. Likaleta na mstari kwenye ramani ndogo unaokuonyesha upite barabara gani, na duara la kuchagulia silaha kama lile la GTA V.

Walionuna wakasema: sasa misheni ya treni ina maana gani? Nami nikijiuliza ni kitu gani hasa kilikuwa kinatokea pale kibandani, naona hivi. Ile dakika ya kurudi kwenye alama ndiyo ilikuwa dakika ya ushauri. Nyuma ya mchezaji kulikuwa na watu saba, hawajalipa hata senti, kila mmoja kocha. “Kaa kulia kwa reli.” “Acha kukaba breki.” “Mpe dogo hiyo pedi.” Misheni ikipita, kibanda kizima kimepita. Waliopanda treni ya zamani kutoka Dar watanielewa: ilichosha usiku kucha, lakini ilisimama Kidete, ilisimama Gulwe, watu wakanunua karanga dirishani na kupiga soga na wasiowajua. SGR inakufikisha kabla hujapiga soga na yeyote. Nawauliza, leo hapa nani kati yenu angeacha SGR apande ile nyingine? Hata mimi sipandi.

Na hilo ndilo jibu langu kuhusu kurudia papo hapo. Wale makocha saba hawapo tena. Anayecheza San Andreas leo yuko peke yake chumbani Nkuhungu saa nne usiku, kesho ana kazi Mtumba, basi la asubuhi halimsubiri. Ukimnyima kitufe cha kurudia hutamrudishia watu saba. Utamrudishia dakika tupu za kuendesha pikipiki. Mpeni kitufe.

Kuna kipimo ambacho wengi wenu mnakipenda, na nimekisikia tena leo asubuhi pale mlangoni. Mnasema: kilichokuwapo kwa sababu mashine ilikuwa dhaifu kiondolewe, kilichowekwa kwa makusudi na watengenezaji kibaki. Kinasikika vizuri. Mara nyingi kinafanya kazi. Mnakumbuka Resident Evil, ile gemu ya zombi ya 1996, kila ukifungua mlango unauona mlango mzima gizani unafunguka taratibu? Nyuma ya mlango ule mashine ilikuwa inasoma sidi. Leo hakuna sidi ya kusubiri, mlango ufunguke tu.

Lakini kipimo hicho kinavunjika mkifika kwenye ukungu wa San Andreas. PS2 haikuwa na nguvu ya kuchora mbali, kwa hiyo mbali kulijazwa ukungu, vumbi, joto linalotetemeka. Udhaifu mtupu wa mashine. Toleo la 2021 likauondoa ukungu ule. Ukasimama kilele cha Mlima Chiliad ukaona ramani yote, kutoka jiji hadi jiji. Na ikawa ndogo! Jimbo lililokuwa linatuchukua jioni nzima kulizunguka likageuka kiwanja. Ukungu ulikuwa unafanya kazi ambayo labda hata waliouweka hawakuipanga: ulituaminisha kwamba safari ni ndefu. Ilibidi ifike Novemba 2024 ndipo sasisho likaleta chaguo la mwanga wa zamani, na anga ile ikarudi.

Kwa hiyo mimi nauliza swali jingine. Badiliko hili likiingia, mchezaji ataacha kufanya nini? Ataacha kusubiri? Sawa. Ataacha kubofya kitu kilekile mara mia? Sawa pia. Ataacha kuamua? Hapo nisimamisheni, tuzungumze.

Resident Evil hiyo hiyo ina mfano mzuri zaidi. Kusevu kulihitaji taipureta, na taipureta ilihitaji utepe wa wino, na tepe zilikuwa za kuhesabika. Mtu wa leo anaona ni ukatili. Hebu mtazame mchezaji mwenyewe, lakini. Kafika chumba salama, muziki umetulia, ana tepe mbili, damu imepungua, na kuna korido hajaikagua. Asevu sasa, au akague kwanza? Uamuzi ule unamtoa jasho mkononi kuliko zombi yeyote. Ukiondoa utepe, korido inabaki vilevile, zombi wanabaki walewale, na hofu inaondoka. Waliotengeneza upya Resident Evil 2 mwaka 2019 walilijua hili: ngazi za kawaida zinasevu zenyewe, ngazi ngumu inakudai utepe. Mimi naona walifanya jambo la heshima. Hawakumcheka aliyechagua nyepesi, wala hawakumwambia aliyechagua ngumu kwamba zama zake zimepita.

Niingie kwa Lara Croft, yule shujaa wa Tomb Raider, kwa sababu hapa kuna kitu ambacho kinahitaji kuonyeshwa kwa vidole. Tomb Raider ya kwanza ni ya 1996. Lara alikuwa anaendeshwa kama kifaru cha jeshi: kushoto anageuka palepale, mbele anakwenda mbele alikoelekea. Mgeni akishika pedi leo anadhani imeharibika. Lakini ulimwengu ule wote umejengwa kwa miraba inayolingana, kama sakafu ya vigae. Ukitaka kuvuka shimo, unamsimamisha Lara ukingoni kabisa. Unabonyeza nyuma mara moja, anaruka kinyumenyume kipande kimoja. Kisha unashika mbele, anakimbia, unashikilia kuruka mapema, na mguu wake unaondoka ukingoni penyewe. Kila mara. Ni hesabu, haina bahati. Aliyeijua alivuka akiwa anaongea na mtu mwingine.

Mwaka 2024 zikatoka upya tatu za kwanza kwa pamoja. Kitufe kimoja kinabadilisha sura ya leo kuwa ya zamani na kurudi, katikati ya mchezo, jambo ambalo ningelipigia makofi hata kama wangeishia hapo. Wakaweka pia uendeshaji wa kisasa: Lara anakwenda unakoelekeza kidole, kamera inamzunguka. Mwepesi kumtembeza, kweli. Ukifika kwenye shimo, ile hesabu ya kipande kimoja nyuma inakosa pa kukaa, kwa sababu shimo lilichimbwa kwa ajili ya kifaru. Vijana wengi waliochagua uendeshaji mpya walijikuta wanamdondosha Lara mahali ambapo wazee wa 1996 wanavuka kwa kupiga miayo. Kuna marekebisho yanayorahisisha mguu na kuugumisha mlima. Bahati nzuri uendeshaji wa zamani uliachwa mle mle, uchague.

“Basi weka kitufe, kila mtu achague, ugomvi umeisha.” Naona vichwa vinaitika. Ngojeni kidogo.

StarCraft, gemu ya kuongoza majeshi. 1998. Katika gemu ile huwezi kuchagua askari zaidi ya kumi na wawili kwa mkupuo mmoja. Ukiwa na jeshi la sitini, unawahamisha kwa mafungu. Kila mfanyakazi anayezaliwa, umtume mwenyewe akachimbe madini, ukimsahau anasimama tu kama mtu aliyetumwa sokoni bila hela. Mwaka 2010 StarCraft II ikaja ikayafuta hayo yote. Mwaka 2017 ile ya zamani ikasafishwa, picha kali kabisa, na kila mtu akajiuliza: kumi na wawili watabaki? Walibaki. Picha zilibadilika, sheria hazikuguswa.

Kwa nini? Kwa sababu gemu ile imekuwa ya mashindano, hasa Korea Kusini, watu wameishi kwayo kama kazi. Mkono unaoweza kugawa mafungu matano ndani ya sekunde huku jicho linaangalia nyumbani ndio uliomtofautisha bingwa na mimi. Hapa hamuwezi kuweka kitufe cha hiari. Nani atakuwa na mafungu na nani atakuwa na jeshi zima kwenye mechi moja? Kwenye gemu ya peke yako, hiari yako haimgusi jirani. Kwenye mashindano, kila urahisi anaopewa mmoja ni sheria kwa wote, na lazima wanaocheza wakubaliane. Nyie mnaobishana kuhusu mechi za mtandaoni mnachanganya mambo haya mawili, ndiyo maana hammalizi.

Wala sisemi mashindano yakatae kila kitu. Age of Empires II ya 1999, nayo ni ya majeshi: shamba linachoka, mkulima anasimama, unatakiwa ulipande upya kwa mkono wako, katikati ya vita. Nyongeza iliyofuata mwaka 2000 ikaruhusu kulipia mashamba mapema pale kinuni. Toleo la 2019 likamaliza kabisa: mbao zikiwapo, mashamba yanajipanda yenyewe. Na mashindano yanaendelea, makali kuliko zamani. Maana hakuna aliyekuwa anaona fahari ya kukumbuka kupanda shamba. (Hapa Dodoma tungewaomba wenzetu hao watuletee na mvua yenyewe, mengine tutajua.) Toleo hilohilo lina kitufe cha kumfanya mpelelezi azunguke ramani mwenyewe, na wazoefu bado wanamwongoza kwa mkono dakika za mwanzo, kwa kuwa macho ya mtu yanajua nini cha kutafuta. Kitufe kipo, hakimsumbui mtu.

Oblivion nitaipitia haraka. Ilitoka 2006, na ilikuwa na aibu moja: ukitaka mhusika wako awe na nguvu, ilibidi uhesabu kwenye karatasi umepanda ustadi gani mara ngapi kabla hujamlaza ili apande ngazi. Watu walikuwa wanacheza gemu ya upanga kama wahasibu. Ikarudi Aprili 2025, ikatangazwa na kutolewa siku hiyohiyo, na uhasibu ule ukaondolewa: kila ukipanda unapewa pointi kumi na mbili uzigawe. Wakaongeza na kukimbia mbio. Halafu wakaacha vituko. Kuna mama mmoja katika gemu ile, Tandilwe, sauti yake ilirekodiwa akikosea na kuomba arudie, na kosa likatoka hivyo hivyo 2006. Bado limo. Angeondolewa ningeandamana.

Sasa nirudi kwenye hiari, kwa upande unaoniudhi. Mwaka 2021 Nintendo walitoa upya Skyward Sword. Marekebisho mengi mazuri: unaweza kutumia vitufe badala ya kupunga mkono, yule msaidizi aliyekuwa anakatiza kila dakika amefundishwa kunyamaza. Lakini uwezo wa kuruka kutoka ardhini kwenda angani popote ulipo, na kurudi palepale, wakaufungia ndani ya mdoli unaouzwa kando. Huna mdoli, tembea hadi kwenye sanamu. Hapo siwezi kuwa na subira. Kama safari ile ni sehemu ya gemu, kila mtu aisafiri. Kama ni kero, kila mtu aondolewe. Kero iliyoachwa ili iuzwe dawa yake, hiyo naijua. Nimekuwa na kibanda.

Na sasa nizungumze na ninyi mnaosomea kompyuta, maana mnaokwenda kuandika programu ni ninyi. Mabishano yote haya yangekuwa mepesi kama toleo la zamani lingebaki sokoni. Oktoba 2021, wiki chache kabla ya GTA mpya kutoka, matoleo ya zamani ya gemu tatu zilizosafishwa pamoja (GTA III, Vice City na San Andreas) yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Likaja jipya: mvua kama nyuzi nyeupe zimemwagwa usoni, sura za watu kama plastiki iliyokaa juani. Kampuni ikaomba radhi, ikarudisha ya zamani kwenye duka lake la mtandaoni, kwa wanaochezea kompyuta. Mwaka uliotangulia, Januari 2020, Warcraft III ilifanyiwa baya zaidi. Hata aliyenunua ile ya zamani na kuridhika nayo alilazimishwa kupakua programu mpya, na programu hiyo mpya siku inatoka haikuwa na ligi za mashindano wala kampeni za wachezaji zilizokuwapo kwenye ya zamani. Watu walirudishiwa hela. Usiku wao wa miaka kumi na saba haukurudishwa na mtu.

Ndiyo maana nawasihi, siku mtakapokabidhiwa mfumo wa zamani muusafishe, uwe gemu, uwe programu ya maktaba, uwe mfumo wa hospitali: kabla hamjagusa kitu, hakikisheni wa zamani unaweza kuwaka. Mtu aweze kurudi. Mkishafanya hivyo, rahisisheni kwa ujasiri, jaribuni, koseeni. Kilichowaumiza watu wa Warcraft ni mlango kufungwa nyuma yao. Vipya walikuwa tayari kuvicheka na kuendelea.

Na chaguo la mwanzo mliangalie sana. Mnapenda kusema “kipo kwenye mipangilio.” Wachezaji wengi hawafungui mipangilio. Mnachowakuta nacho dakika ya kwanza ndiyo gemu yenyewe kwao. Final Fantasy VII ilipoletwa PS4 mwaka 2015, ilikuja na uwezo wa kuharakisha mara tatu na wa kuzima mapigano ya ghafla, lakini inaanza kama ilivyokuwa 1997. Unakichukua kitufe ukikihitaji. Mimi nikiulizwa, hivyo ndivyo: gemu ianze na uso wake, na msaada uwe karibu, usiwe na bei, usiwe na dharau.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeiona. Kuna karatasi mbili za maswali zimeletwa hapa mbele, nizijibu kisha nikae.

La kwanza: “Mzee, na kusevu kwenyewe je? Si umesema utepe wa wino ubaki?” Utepe ubaki kwenye gemu iliyojengwa juu ya utepe. Kwingine kote, gemu ijisevu. Mimi nimeona umeme ukikatika mtu akiwa katikati ya kusevu, memori kadi ya megabaiti nane ikafunguka tupu, na mtu mzima mwenye ndevu akaondoka bila kuaga. Nimeona pia dogo akisevu juu ya faili la kaka yake, na nikalazimika kufunga kibanda mapema ili wasiumizane. Asiyetaka gemu ijisevu hajawahi kuwa na kibanda.

La pili linauliza kama bado ninazo zile PS2. Ninazo mbili, moja inasoma sidi, nyingine inasoma ikigeuzwa kichwa chini. Aliyeandika swali anione hapo nje, na aje na pedi yake.

Ahsanteni.